Msimu Usio na Huenda

Jina la Mama Huenda nililitunga mimi, na leo nikilisikia natamani ningeuma ulimi siku ile. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Lilianzia chumbani kwetu, likapanda ghorofa ya juu kwa wataalamu, likashuka getini kwa mlinzi, na mwisho hata mkubwa wa ofisi akawa anauliza mbele za wageni kama Mama Huenda ameshamaliza kutafsiri. Mwenyewe hakuwahi kukasirika. Hakujaliwa mtoto, kwa hiyo alisema hilo neno ndilo mwanawe, na mtu huitwa kwa mwanawe.

Kazi yake ilikuwa kugeuza taarifa za hali ya hewa kutoka Kiingereza cha wataalamu kuwa Kiswahili cha redioni. Kazi yangu ilikuwa kuchora ramani zinazokwenda na taarifa hizo: kijani panapotarajiwa mvua nyingi, njano pa wastani, kahawia pa ukame. Tulikaa chumba kimoja miaka kumi na tisa, meza zikitazamana. Tulikuwa na dirisha moja lisilofunga sawasawa, birika la umeme lililotaka kupigwa kofi ndipo lichemke, na kamusi yake iliyokatika mgongo, ambayo aliishona kwa uzi wa viatu.

Mwaka wake wa kwanza aliandika kwamba uwezekano wa kupata mvua za kutosha ni asilimia sitini. Haikupita wiki, mkulima mmoja akapiga simu ofisini. Aliongea kwa adabu kabisa. Alishukuru kwa hizo asilimia sitini, kisha akauliza zile arobaini zilizobaki zimepelekwa wilaya gani, na kama kuna utaratibu wa kuziomba. Sisi tulicheka hadi machozi. Yeye hakucheka. Alisema kosa ni lake, amemwandikia mkulima lugha ya mwalimu wa hesabu, na mkulima amefanya hesabu kama alivyofundishwa.

Tangu siku hiyo haikutoka taarifa ya msimu isiyo na neno lake. Huenda mvua zikachelewa. Huenda zikakatika mapema. Nilimtania kwamba mvua kila siku huenda tu, mbona hairudi? Nikimwuliza kama atakunywa chai, nilikuwa namjibia mwenyewe, huenda. Yeye ananitazama juu ya miwani, anamimina vikombe viwili.

Ndugu yake alikuwa mmoja tu, wa kiume. Yeye ni kifungua mimba, yule ni kitinda mimba, na waliokuwa katikati walikufa wachanga. Mama yao alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, na dada, binti wa miaka kumi na minne, akaacha shule mwaka mzima ili ambebe mgongoni. Alinihadithia kwamba aliporudi darasani bado alikuwa anasimama anayumbayumba, kama anambembeleza mtoto asiyekuwepo. Kijana alipokua, dada alibaki mjini na ofisi, naye akarithi shamba la wazazi, ekari sita, safari ya siku nzima kwa basi kutoka hapa.

Taarifa ya msimu husomwa redioni saa saba mchana. Saa saba na robo simu ya mezani kwetu ilikuwa inalia, na nilijua ni nani kabla hajainua mkono.

"Dada, huenda kweli?"

"Huenda kweli, mdogo wangu."

Wanacheka, anaulizia watoto, anamsalimia wifi yake, anakata. Ndiyo yote. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia nduguye neno moja zaidi ya lililosomwa redioni. Niliwahi kumwuliza kwa nini asimnong'oneze kidogo, damu ni damu. Akasema akimpa nduguye siri ambayo wakulima wengine hawana, huo ni wizi, na kama si siri basi ameshaisikia.

Na yule bwana alikuwa na akili yake. Akishasikia huenda, anagawa shamba: nusu mahindi ya muda mrefu, nusu mtama unaovumilia jua. Bora nusu shari kuliko shari kamili. Hakuwahi kuvuna hadi majirani wamwonee wivu, lakini hawakuwahi kulala njaa. Alikuwa na maksai wawili wa kulimia, na watoto watatu wote walikuwa shule.

Sasa nieleze msimu wenyewe, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo.

Watu wanadhani mtaalamu wa hali ya hewa anatazama mbingu. Hatazami. Anaiendesha kompyuta mara hamsini, kila mara akianza na tofauti ndogo sana, halafu anahesabu majibu. Mwaka ule, mara ishirini na nane kompyuta ilileta mvua nzuri, na mara ishirini na mbili ikaleta mvua zinazoanza vizuri kisha zinakatika. Mtaalamu wetu, kijana mwembamba asiyejua kujikweza, alishuka mwenyewe hadi chumbani kwetu na karatasi mkononi. Alituambia tusiangalie ile tofauti ya sita tu. Zile ishirini na mbili, alisema, si ukame wa kuchezea. Kwa zile ishirini na nane mkulima anavuna zaidi kidogo. Kwa zile ishirini na mbili havuni kitu.

Mama Huenda akamwuliza, hapo tukisema wastani tunasema wastani wa nini? Kijana akajikuna shingo. Wastani ni wa miaka thelathini iliyokwisha, akasema, na miaka ile hairudi, joto limepanda, misimu imevurugika, lakini hana wastani mwingine wa kutupa. Mama akasema basi tunamshonea mtoto sare kwa kipimo cha darasa la kwanza. Kijana akakubali kwamba ni hivyohivyo.

Mama aliandika taarifa nzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Nimeitunza. Ilisema huenda mvua zikawa za wastani au zaidi, na huenda pia zikaanza vizuri kisha zikakatika kabla mahindi hayajabeba. Ikawashauri wakulima wagawe mashamba kati ya mbegu za muda mfupi na za muda mrefu. Nami nikapaka ramani kijani na njano kwa mistari, rangi mbili pamoja, kazi iliyonichukua siku mbili.

Kumbe huko juu mambo yalikuwa yameshaamuliwa. Mbegu za mahindi ya muda mrefu zilikuwa ghalani tayari, zimenunuliwa, zina picha ya kiongozi kwenye mfuko, na kikao kimoja kilikuwa kimepanga siku ya kuzigawa. Mkubwa wetu, mtu anayevaa tai hata siku ambazo fundi bomba amevua shati, akateremka na taarifa ya Mama mkononi. Hakuketi. Alisema mkulima akisikia huenda anakaa kitako, na wizara haiwezi kugawa mbegu za huenda.

"Mshika mawili, mama, moja humponyoka," akasema.

"Na aliyeshika moja," Mama akamjibu, "hilo likimponyoka anabaki na nini?"

Mkubwa akatabasamu kama mtu aliyesikia kichekesho cha mtoto wa mwenzake. Akatoa kalamu nyekundu, akakata huenda ya kwanza, akakata sentensi yote ya huenda ya pili, na ule ushauri wa kugawa mashamba akaupigia mstari kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kilichobaki kilikuwa kifupi na kitamu: mvua zitakuwa za wastani hadi juu ya wastani, wakulima wapande mbegu za muda mrefu. Mimi akaniambia niache mambo ya milia, nipake kijani.

Nikapaka kijani. Sina cha kujitetea. Ilinichukua dakika kumi.

Mama alikataa siku mbili. Alipanda juu, akamwomba mtaalamu aseme, na mtaalamu akasema, lakini aliyesikilizwa ni mwenye tai. Siku ya tatu mkubwa akaleta habari kwamba asipoandika yeye, katibu muhtasi wake ataandika. Ilikuwa karibu saa sita, redio walishapiga simu mara mbili. Na hapo nikafungua mdomo wangu huu. Nilimwambia, mama, ishirini na nane si zaidi ya ishirini na mbili? Andika, Mungu atasaidia, twende tukale.

Alinitazama kwa muda. Kisha akaandika. Kwenye kibodi yake herufi H ilikuwa imefutika kabisa kwa kuguswa miaka yote ile, na siku hiyo aliigusa mara chache kuliko siku yoyote.

Saa saba mtangazaji akasoma, sauti yake nene, bila kigugumizi, maana hakukuwa na cha kugugumizia. Saa saba na robo simu haikulia. Saa saba na nusu Mama aliinua mkono wa simu kusikiliza kama laini ipo. Ipo. Nikasema labda yuko shambani. Akasema labda. Jioni alipiga yeye, simu ikaita haikupokewa, na kesho yake wifi yake akatuma ujumbe kwamba wote wazima, baba watoto anahangaika na trekta. Alinisomea ujumbe huo huku akivua miwani, amefurahi kwamba ni wazima. Hatukujiuliza trekta la nini.

Mvua zilianza kwa tarehe. Wiki mbili zilinyesha hadi mkubwa akawa anapita vyumbani akichungulia, hasemi kitu, anagusa tai tu. Lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni. Wiki ya tatu mawingu yakawa yanakuja mchana na kuondoka jioni. Wiki ya nne hayakuja.

Vituo vyetu vya kupimia mvua viko kwenye shule na zahanati. Mwalimu au muuguzi anasoma kipimo saa tatu asubuhi, ananitumia namba, naiandika kwenye daftari kubwa. Kimoja kipo kwenye shule ya msingi iliyo karibu na shamba la nduguye, watoto wake walikuwa wanasoma hapo. Kila asubuhi Mama alikuwa akiingia, anatundika mkoba, anauliza neno moja tu.

"Kule?"

"Sifuri."

Siku ya kwanza, ya tano, ya kumi na tatu. Ikafika siku nikawa sitaki kulitamka, nageuza daftari aone mwenyewe. Siku ya arobaini na moja alichukua likizo, akaenda.

Alirudi baada ya siku nne. Hakutundika mkoba. Aliketi nao mapajani, akanieleza yote bila kuinua macho, na nitayasimulia kama alivyoyasema.

Aliteremka njiani, akaanza kutembea, na kitu cha kwanza alichokiona ni kwamba shamba limekuwa kubwa. Mahindi yalifika magotini, yamekauka yamesimama, yanachakarika kwa upepo, na yalianzia barabarani yakaenda hadi bondeni kwenye kile kipande ambacho tangu enzi za baba yao kilikuwa cha mtama. Hakuona mtama popote. Zizi lilikuwa wazi. Akauliza maksai wako wapi, na wifi yake akamwambia wameuzwa kabla ya mvua, ili kukodi trekta lilime ekari zote sita kwa wakati, maana ng'ombe wasingewahi. Hata mtama wa akiba, ule uliowekwa wa kula na wa mbegu, ulikuwa umeuzwa ili kuongezea.

Nduguye alikuwa amekaa ukutani nyuma ya nyumba, amekonda. Alisimama akampokea mkoba kama siku zote. Mama akamwuliza kwa nini. Kwa nini yote, safari hii, mtu aliyegawa shamba miaka kumi na tisa.

"Dada, wewe ndiye uliyeniambia," akasema.

"Mimi? Nilikwambia lini, na hatukuongea?"

"Uliondoa huenda." Alisema taratibu, kama anayemkumbusha mtu jambo ambalo wote wanalijua. "Miaka yote sijawahi kusikia taarifa yako haina huenda. Sauti ni ya yule wa redio, lakini maneno ni yako, nayajua. Nikajua safari hii dada ameona kitu cha hakika, na haruhusiwi kunipigia, ndiyo maana amenipitishia humo. Sikutaka kukupigia nikuponze kazini."

Birika lilikuwa linachemka, hakuna aliyelizima. Nilimwuliza kama alimweleza kuhusu ile kalamu nyekundu. Akatikisa kichwa. Alisema alifungua kinywa aeleze, na nduguye akamtangulia, akamwambia asijilaumu, hata yeye amedanganywa na mawingu kama wengine. Angemwambiaje baada ya hapo? Angemwambia dada yako hakuona kitu chochote, aliandika ili watu wakale?

Hayo ya kula aliyasema bila kuniangalia. Hakuyasema kwa ubaya. Ningependa angeyasema kwa ubaya.

Ng'ombe wa maskini hazai, na shamba la maskini likikosa mara moja linatafuta mwenyewe mwingine. Yule bwana hakuwa na maksai, hakuwa na mbegu, hakuwa na chakula cha kufikia msimu mwingine. Alilikabidhi shamba kwa jirani alitumie atakavyo, akaleta mke na watoto kwa dada yake mjini, akakaa siku mbili, kisha akaondoka kwenda kuvunja mawe kwenye machimbo ya kokoto, mbali, huko walikosema wanachukua watu bila kuuliza maswali. Asubuhi ya kuondoka alipita ofisini kwetu kumuaga dada. Ndiyo mara pekee niliyomwona. Ana macho ya dada yake. Alisimama akiitazama simu ya mezani, akaiwekea kidole juu, akacheka kidogo.

Mwezi wa kwanza alipiga kila Jumapili. Mwezi wa pili alipiga mara moja, akasema kifua kinamsumbua kwa vumbi. Baada ya hapo simu yake ikawa haipatikani. Mtu mmoja aliyetoka huko alisema wamehamishiwa machimbo mengine. Mwingine alisema upande mmoja wa shimo uliporomoka, hajui wangapi, hajui kina nani. Mama alipiga simu kila mahali panapoweza kupigwa. Kila aliyepokea alimwambia kitu tofauti, na hakuna aliyekuwa na hakika.

Ofisini nako mambo yakageuka kwa namna inayotia kichefuchefu. Wizara iliulizwa maswali, wizara ikamwuliza mkubwa, na mkubwa akateremka kwetu na tai yake. Safari hii alikuja na amri mpya: kuanzia sasa taarifa zote ziwe na huenda. Kila sentensi. Alisema kwa upole kwamba ni muhimu taasisi ijilinde. Mama Huenda alimsikiliza hadi mwisho, akasema sawa. Taarifa ya msimu uliofuata aliweka huenda kumi na moja. Nilizihesabu. Huenda ikanyesha, huenda isinyeshe, huenda mapema, huenda baadaye. Mtu angeisikiliza yote na kuamka hajui kama apande au alale. Hakubishana na neno hata moja. Saa saba na robo aliweka mkono juu ya simu, akauacha hapo hadi saa nane, kisha akautumia kufungua droo.

Jumamosi moja nilikwenda kwake kumpelekea dawa za presha alizozisahau mezani. Anakaa vyumba viwili. Magodoro ya watoto yalikuwa yamesimamishwa ukutani, sare za shule zimetundikwa kwenye kitasa cha dirisha, na wifi yake alikuwa sakafuni anachambua mchele kwenye ungo. Nilikaribishwa, nikapewa kiti kilichokuwepo. Tukaongea mambo ya ofisi, mambo ya bei, na la machimbo hakuna aliyeligusa.

Yule binti wa katikati, wa miaka saba hivi, alikuwa anachora kwenye mgongo wa moja ya ramani zangu za zamani. Hakuinua kichwa alipouliza.

"Shangazi, baba atarudi?"

Nikamtazama Mama Huenda. Namjua mtu huyu. Nimekaa naye meza kwa meza miaka kumi na tisa, na nimemwona akipigania neno moja na watu wenye tai hadi siku nilipomwambia aache. Nililiona neno likimjia mdomoni. Liliishia hapo.

"Atarudi," akasema.

Mtoto akaridhika, akaendelea kuchora. Lakini mkono wa wifi yake ulisimama juu ya ungo. Alimwangalia dada wa mumewe, akaweka ungo chini taratibu bila kumwaga punje, akaingia chumba cha ndani, akajifungia mlango.